Koleo na Uhunzi: Vijana wa Tartu na Safari ya Anga

Alfajiri ya tarehe 7 Mei 2013, saa 11 na dakika 6 kwa saa za Estonia, roketi iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na kisanduku chenye upande wa sentimita 10 hivi, uzito wake kama pakiti ya kilo moja ya unga. Kiliitwa ESTCube-1. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza ya Estonia, na sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda ilifanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tartu.

Estonia ni nchi ndogo ufukweni mwa Bahari ya Baltiki. Eneo lake halipishani sana na mkoa wa Dodoma, ila watu wake, takriban milioni 1.3, hawafiki nusu ya waliohesabiwa Dodoma katika sensa ya 2022. Nchi ya kadiri hiyo haina ubavu wa kujirushia roketi. Lakini mji wa Tartu umekuwa na mazoea ya kale ya kumwachia kijana chombo cha kweli akitumie, hata kama kesho yake ataondoka nacho kichwani.

Kituo cha kutazamia nyota kilijengwa juu ya kilima cha Toome mwaka 1810. Miaka miwili kabla, kijana wa miaka 15 aitwaye Friedrich Georg Wilhelm Struve alikuwa amefika mjini kusoma lugha za kale. Nyota zikamteka. Mwaka 1813, akiwa na miaka 20, alikuwa tayari profesa. Mwaka 1824 aliipokea darubini iliyotengenezwa na Joseph Fraunhofer wa Munich, ambayo kioo chake cha mbele kilikuwa na kipenyo cha sentimita 24 hivi. Wakati ule hapakuwa na darubini ya lenzi iliyoizidi duniani. Kwa chombo hicho Struve aliorodhesha nyota maradufu zaidi ya 3,000, kisha mwaka 1837 akatoa kipimo cha umbali wa nyota Vega kinachokaribiana sana na cha leo. Pia aliongoza upimaji wa ardhi kuanzia kaskazini mwa Norwei hadi Bahari Nyeusi, kilomita 2,820, kazi iliyoanza 1816 na kumalizika 1855. Tangu 2005 baadhi ya vituo vyake vya kupimia vimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mwaka 1839 Struve alihamia Pulkovo, karibu na St Petersburg. Darubini ilibaki Tartu, na ufundishaji haukukoma. Baadaye mji ulikuwa na mwanafalaki Ernst Öpik, ambaye mwaka 1922 alikadiria umbali wa Andromeda na kuonyesha kuwa ni kundi la nyota lililo mbali kabisa nje ya kundi letu. Naye vita vilimng'oa: mwaka 1944 aliikimbia nchi, na hatimaye akafanya kazi Armagh, Ireland Kaskazini. Chini ya utawala wa Kisovieti wanafalaki walipata kituo kipya kijijini Tõravere, kilichofunguliwa mwaka 1964, kilomita kama 20 kutoka mjini. Uhuru uliporudi mwaka 1991, watu wa kufundisha walikuwepo.

Mradi wa ESTCube ulianza mwaka 2008, ukiongozwa na mwanafizikia Mart Noorma. Zaidi ya wanafunzi 100 walipita humo, wengine wakitoka nje ya Estonia. Kazi waliyopewa haikuwa ya kuigiza. Mwanasayansi wa Kifini Pekka Janhunen alikuwa amebuni tanga la umeme, na tanga hilo lilikuwa halijajaribiwa angani. Nahodha wa jahazi angelielewa upesi, ingawa halina kitambaa: ni waya mwembamba sana uliotiwa chaji chanya. Chembe zenye chaji kama hiyo zinazovuma kutoka kwenye Jua hufukuzwa na waya, na katika kufukuzwa huusukuma. ESTCube-1 ilibeba mita 10 za waya huo, uliosukwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele na kuviringishwa kwenye kigurudumu kidogo. Ilikusudiwa setilaiti ijizungushe kwa kasi, waya ujifungue wenyewe kwa nguvu ya mzunguko.

Setilaiti ilijizungusha zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Waya haukutoka. Kigurudumu kiligoma, huenda kwa sababu ya mtikisiko wa roketi. Wanafunzi waligundua pia kuwa vipande vya chuma kinachovutwa na sumaku vilikuwa vikiuvuta mhimili wa mzunguko ufuate uga wa sumaku wa dunia. Paneli za sola nazo zilichakaa upesi kuliko walivyotarajia. Februari 2015 setilaiti ikamaliza kazi yake. Mwezi huohuo Estonia ilitia saini kujiunga na Shirika la Anga la Ulaya, na mwaka huo ikawa mwanachama wa 21.

Waliofunzwa katika mradi wa ESTCube walitawanyika: wengine waliingia utafiti, wengine wakaanzisha kampuni za anga. Jijini Tallinn, chuo kikuu cha teknolojia kilirusha setilaiti zake mbili, Koit mwaka 2019 na Hämarik mwaka 2020. Majina hayo, Alfajiri na Jioni, yanatoka katika ngano ya wapenzi wawili wa angani inayojulikana sana kwa Waestonia.

Oktoba 2023 ikaja zamu ya ESTCube-2, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, kwenda kulijaribu tanga tena. Safari hii kosa halikuwa lao: sanduku lililoibeba halikuiachia, ikateketea pamoja na kipande cha juu cha roketi. Roketi zilizobeba ESTCube zote mbili zina jina la nyota ya Struve: Vega.

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tartu wamelivunja koleo mara kadhaa. Darubini ya Fraunhofer ingali kilimani, ikionyeshwa kwa wageni, na mjini kuna AHHAA, kituo cha sayansi kilichoanza mwaka 1997, chenye ukumbi wa kuonyesha nyota. Wanafunzi wa sekondari nao hushindana kwa CanSat, mpango wa Shirika la Anga la Ulaya: vifaa vyote vya setilaiti huingizwa ndani ya kopo la soda, likarushwa juu na kushuka kwa mwavuli huku likipima joto na kanieneo ya hewa. Likianguka, kazi ya kwanza ya wenyewe ni kulisaka majanini, kulifungua, na kuona ni waya gani uliochomoka.