Habari na Mwenye Kuibeba

Neno habari lina asili ya Kiarabu, nasi tulilipokea pamoja na adabu yake. Katika elimu ya hadithi za Mtume, khabari haipimwi kwa maneno yake pekee. Hupimwa pia kwa wapokezi wake, fulani kutoka kwa fulani, hadi kwa yule aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe. Wanazuoni wa Lamu, Mvita na Unguja waliisoma elimu hiyo, na nadhani adabu yake haikubaki msikitini.

Kabla ya magazeti, shairi ndilo lililofanya kazi ya gazeti. Muyaka bin Haji (1776–1840) alitunga juu ya siasa za Mvita na uhasama wake na Seyyid Said. Na washairi wa Mvita na Lamu wakarushiana beti kuvuka bahari. Wajerumani walipoivamia pwani, na Abushiri akapigana nao mwaka 1888 na 1889, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyaandika hayo katika utenzi. Vita vya Maji Maji navyo vilipata mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini.

Katika tenzi nyingi, mtunzi hujitaja kwenye beti za mwisho: jina lake, ukoo wake, mji wake. Wengi wetu huzipitia beti hizo haraka, tukidhani ni desturi tu ya kufungia. Mimi naziona ni dhamana. Mtunzi anasema: niliyoyasimulia ni haya, na mkinitaka, nipo mahali fulani.

Mitambo ya chapa ilikuja na wageni. Wamisionari wa Kiungani, Unguja, walianza kutoa Msimulizi mwaka 1888. Wajerumani wakawa na Kiongozi, kule Tanga. Na Januari 1923 idara ya elimu ya Waingereza ikatoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali, wala hakuna aliyelitarajia limseme bwana wake. Lakini lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na huko ndiko wasomaji walikojitwalia nafasi. Shaaban Robert alichapisha humo. Mtu alifunga swali katika fumbo, mwingine wa mji wa mbali akalifumbua, wa tatu akawapinga wote wawili. Gazeti lilitoka mara moja kwa mwezi, basi jibu lilingojewa kwa subira, na bila shaka lilitungwa kwa subira vilevile. Baadhi yao walitumia lakabu, na hilo laweza kuonekana kinyume cha ninayoyasema. Lakini lakabu nayo ilikuwa jina. Aliyejibiwa kwa lakabu yake alijua kuwa ndiye, naye alilazimika kujitetea mbele ya wasomaji walewale.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe. Hapo dhamana ilikuwa nzito zaidi, kwani serikali ilimjua mwenye gazeti na duka lake lilipo.

Siku hizi habari hunifikia kwenye simu kabla sijaamka. Nimewahi kupokea beti za zamani zilizokatwa ubeti wa mwisho, ule wenye jina la mtunzi, ili zienee vizuri kwenye kioo. Nilimwuliza aliyeniletea ni za nani. Akanijibu, bila kuona ajabu yoyote: “Nami nimetumiwa tu.”