Dereva na Kondakta wa London

Twadhani kazi ya kukaa kitako ni raha ya mwili. Lakini katika miaka ya 1949 na 1950, tabibu mmoja wa Uingereza, jina lake Jerry Morris, aliyachungua maradhi ya moyo kwa watu wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva aliketi karibu kutwa nzima. Mwenziwe kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, vipandio vipatavyo 600 kila siku. Mji mmoja, basi moja. Walakini habari zilizotolewa mwaka 1953 zilionyesha kwamba makondakta waliugua moyo kwa uchache, tena katika umri mkubwa zaidi, na waliokufa ghafula walikuwa wachache.

Mwenye akili atauliza: je, madereva hawakuwa wanene tangu mwanzo? Swali hilo si la upuzi. Morris akazitazama daftari za nguo za kazi, na mwaka 1956 akaonyesha kuwa kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni. Hata hivyo, mnene kwa mnene, mwembamba kwa mwembamba, kondakta alikuwa na nafuu. Morris mwenyewe alikuwa na desturi ya kukimbia. Alifariki mwaka 2009, mwenye miaka 99.