Nkambo Alipima kwa Sikio: Historia ya Mtihani Ninaojiandaa Nao



Tangu niwaambie kwamba najiandaa kufanya mtihani wa kimataifa wa uboreshaji wa ubora, maswali yamekuwa mingi. Ni mtihani gani? Unaombwa namna gani? Utaleta kazi? Nitajibu, lakini mnivumilie nianze na nkambo wangu, maana bila yeye nisingeielewa hata fomu ya maombi.

Nkambo alitumika kwa makaa ya mawe hapa Luena, yale ambayo sisi tunayaita makala. Wanaopita na treni wanaujua mji wetu kama stesheni tu. Lakini mji huu ulikua kwa sababu ya makaa. Tangu miaka ya 1920 yalichimbwa hapa kwa ajili ya viwanda vya Katanga, kikiwemo kile cha saruji cha Lubudi. Na tangu mwanzo yalikuwa na aibu moja: majivu mengi. Hayakufaa kutengenezea koki ya tanuri za shaba, kwa hiyo koki ililetwa kwa reli kutoka Wankie, leo Hwange, nchini Zimbabwe. Yaani mimi nimezaliwa katika mji ambao bidhaa yake ilipewa alama ndogo kabla hata baba yangu hajazaliwa.

Siku niliyomwonyesha nkambo ile fomu kwenye simu, aliniuliza: “Ile karatasi itasema unajua nini?”

Nikamjibu: kupima ubora wa kazi.

Akacheka. “Mi nilikuwa napima na sikio. Jiwe na makala hailie sawasawa kama unaigonga. Bakubwa balikuwa banapima kila kitu: kilo, saa, mabehewa. Lakini hakuna mwenye aliniuliza juu ya nini majiwe inaingia mingi siku ya mvua. Na mi nilijua.”

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye vitabu vyangu vya mtihani, na safari hii nikavisoma kama historia, si kama maneno ya kukariri. Nikakuta kwamba somo hili lote, karibu miaka mia moja, ni hadithi ya watu waliojifunza polepole kuuliza lile swali ambalo nkambo hakuulizwa.

Inaanzia mbali na kwetu. Mwanafizikia mmoja, Walter Shewhart, alitumika kwa kampuni ya Western Electric, iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu kule Hawthorne, karibu na Chicago. Enzi hizo ubora ulikuwa kazi ya wakaguzi. Bidhaa ikimalizika, mkaguzi anatupa mbovu na kupitisha nzima. Tarehe 16 Mei 1924, Shewhart alimpelekea mkubwa wake karatasi moja tu yenye mchoro. Mchoro huo ndio mama wa chati ya udhibiti tunayoulizwa kwenye mtihani mpaka leo.

Wazo lake ni hili. Hakuna kazi inayotoa matokeo yaleyale kila siku. Kuna kupanda na kushuka kwa kawaida, kunakotoka ndani ya mpango wenyewe wa kazi. Halafu kuna kupanda na kushuka kusiko kwa kawaida, kwenye sababu yake maalumu. Ukimwadhibu mfanyakazi kwa jambo linalotoka kwenye mpango, umemwonea bure, na kesho jambo lilelile litarudi.

Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, Marekani ilifundisha chati hizo kwenye viwanda vyake vya vita. Miaka hiyohiyo shaba ya Katanga ilikuwa inakwenda kwa Washirika, na wachimbaji walisukumwa kutoa zaidi na zaidi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9, pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa. Kila mara ninaposoma sura ya “kusikiliza wafanyakazi” nakumbuka tarehe hiyo. Tani za shaba zilikuwa na daftari lake. Sauti ya mchimbaji haikuwa na safu ya kuandikwa.

Vita ikaisha. Mwaka 1946 wataalamu wa Marekani waliunganisha vyama vyao vya mijini wakaunda chama kimoja cha udhibiti wa ubora, kinachojulikana leo kwa herufi ASQ. Lakini walioshika somo kwa nguvu zaidi walikuwa Wajapani, ambao miji yao ilikuwa imeteketea. Mwaka 1950 chama cha wanasayansi na wahandisi wa Japani kilimwalika W. Edwards Deming, Mmarekani aliyejifunza mengi kwa Shewhart. Aliwafundisha wahandisi na pia wakuu wa makampuni, akiwaambia kwamba sehemu kubwa ya makosa inatoka kwenye mpango wa kazi, na mpango ni mali ya wakubwa, si ya fundi. Mwaka 1951 Japani ikaanzisha tuzo yenye jina lake. Baadaye, katika kanuni zake 14, Deming aliandika kwamba hofu lazima iondolewe kazini. Mtu anayeogopa hasemi anachojua.

Kisha Kaoru Ishikawa akasogea hatua nyingine. Kuanzia 1962 vikundi vidogo vya wafanyakazi wa kawaida vilianza kukaa pamoja, kuchora sababu za tatizo kwa mfano wa mifupa ya samaki, na kupendekeza dawa. Wasomi, hapo niliweka kalamu chini. Nkambo wangu, na sikio lake na majiwe yake ya siku ya mvua, angekuwa mtu wa maana sana kwenye kikundi kama hicho.

Na mitihani? Mwaka 1968 ASQ ilianza kutoa cheti cha kwanza, cha mhandisi wa ubora. Mwaka 1986 kampuni ya Motorola ikaanzisha Six Sigma, na baadaye vikaja vyeti vya mikanda, ya kijani na myeusi, kama judo. Kwa nini vyeti? Kwa sababu ujuzi wa ndani ya kiwanda kimoja haujulikani nje. Hili Wakatanga tunalijua. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kichwani walibeba maarifa mengi ambayo mwajiri mwingine asingeweza kuyasoma popote.

Sasa nije kwenye maswali yenu.

Cheti ninachotafuta ni kile cha kuanzia, CQIA. Kinagusa mambo ya msingi ya ubora, kutumika kwa timu, na vyombo vya kuboresha kazi. Cha mhandisi kiko juu zaidi: kinadai miaka 8 ya uzoefu, ingawa digrii inapunguza 4. Kabla ya kulipa franka yoyote, fungua ukurasa rasmi wa chama, soma masharti, na pakua orodha ya mada za mtihani. Orodha hiyo ni bure na ndiyo ramani yako. Usimpe mtu wa kati pesa zako kwa kukuahidi njia ya mkato. Maswali ni ya kuchagua jibu. Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, Kiingereza ni mlima wa kwanza, basi anza kamusi yako ndogo mapema.

Lakini fomu ndiyo iliyonipiga. Pale pa kueleza uzoefu, niliandika vyeo: msaidizi, mjumbe, katibu. Nilipoisoma tena niliona haya. Sikuwa nimeandika kitu hata kimoja nilichokiboresha.

Natumika kwenye kituo kimoja cha afya, kuandika rejista. Wagonjwa wanafika saa moja asubuhi, wengine wanapata majibu ya malaria saa tano. Kila mtu alikuwa anamlaumu kijana wa maabara kwamba ni mvivu, hata mimi. Nikaamua kujaribu somo. Kwa asubuhi 20 niliandika saa ambayo mgonjwa wa kwanza alipata jibu. Nikachora nukta kwenye karatasi ya mraba, nikapiga mstari wa wastani na mipaka yake. Nukta zote zilikaa ndani ya mipaka. Hakukuwa na siku moja ya ajabu. Kuchelewa ndiyo ilikuwa kawaida yetu.

Basi uvivu wa mtu mmoja haukutosha kuwa jibu. Nilichora mfupa wa samaki na kuwauliza wote, mmoja mmoja. Waliosoma walinipa maneno makubwa: bajeti, vifaa, motisha. Aliyenipa jibu ni mama wa usafi. “Maji,” alisema. “Maabara haiwezi kuanza bila maji, na mi nachota maji kisha kufagia vyumba vyote. Njo vile nilionyeshwa siku ya kwanza.” Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Tulibadilisha mpangilio: maji ya maabara kwanza, ufagio baadaye. Asubuhi zilizofuata nukta zilishuka, na wastani mpya ukawa mapema kwa karibu saa nzima. Hatukununua kitu. Nilikwenda pia kumwomba radhi yule kijana wa maabara. Hilo halimo kwenye orodha ya mada za mtihani.

Nilirudi kwenye fomu nikafuta vyeo vyangu. Nikaandika sentensi tatu kuhusu maji.

Mtihani wangu ni mwezi ujao. Nasoma usiku na simu niliyochaji mchana, sababu umeme hautabiriki. Siwezi kuwaahidi kwamba nitafaulu, wala kwamba cheti kitaleta kazi. Nimeona diploma nyingi zikilala kwenye sanduku. Lakini ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni huu: kabla ya kujaza maombi, tafuta kazi moja ndogo hapo ulipo, ipime siku 20, halafu muulize mwenye kuifanya, hasa yule asiye na diploma. Ukikosa pesa za mtihani mwaka huu, hilo bado litabaki mkononi mwako.

Juzi nilimrudia nkambo na swali lililochelewa: juu ya nini majiwe iliingia mingi siku ya mvua? Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kijiti, akaanza kuchora chini, kwenye vumbi. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, na hakuwa amemaliza.

Wewe nyumbani kwenu, nani anajua kitu ambacho hakuna aliyemuuliza? Mwandike hapa chini, tumsome.