Neno la Wiki: Hupakui, Unatiririsha

Kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliniita kwake: "Mzee, karibu nikupakulie muvi kwenye TV." Filamu zake zote zimo kwenye kompyuta ya chumbani, runinga ya sebuleni inazivuta kwa waifai, bila kunakili chochote. Nikamwambia, mwanangu, hapo hupakui, unatiririsha.

Kupakua ni kinyume cha kupakia. Unapakua magunia ya alizeti kwenye lori, unapakua ugali kwenye sufuria. Kitu kimetoka huku, kimekaa kule. Kutiririsha kumezaliwa na kutiririka. Tazama makorongo yetu mvua za Januari zikinyesha: maji yanapita, mvua ikikata unabaki mchanga mtupu. Nawe zima kompyuta ile uone kama filamu itaendelea.

Wapo wanaosema "mubashara". Neno hilo lenye asili ya Kiarabu maana yake ni moja kwa moja, nalo lafaa kikao cha Bunge kinachoonyeshwa kikiendelea. Filamu ya 1998 haiwi mubashara kwa sababu umeitazama leo. Na kurusha tuwaachie wenye vituo, wanaomfikia kila mwenye king'amuzi. Wewe wa sebuleni, tiririsha tu.