Samakiuso: Jina, Ukoo na Jinsia Yake

Katika mito iendayo polepole, madimbwi na vinamasi vya Marekani, tangu upande wa kusini wa Maziwa Makuu hadi Ghuba ya Meksiko, wako visamaki wembamba, aghalabu wasiozidi sentimita 8, ambao makazi yao ni pale chini kidogo ya uso wa maji. Kichwa chao kimebapa juu, kinywa kimeelekea mbinguni, na pezi la mgongoni limerudi nyuma karibu na mkia. Umbo hili lina sababu zake, kwani hula wadudu waangukao majini, na dimbwi linapotuama wakati wa joto, maji yagusanayo na hewa ndiyo yaliyobakiwa na oksijeni. Waamerika huwaita topminnow, na wako miongoni mwao wanaowafuga nyumbani katika matangi ya kioo, wakiwaenzi kwa kuwa ni samaki wa nchi yao wenyewe.

Mfasiri atakayetaka kuwapa jina la Kiswahili yamkini atavutwa kwanza na neno dagaa, nami naona neno hilo halifai. Dagaa lina wenyewe tayari: wale wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, na wale wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mwingine kabisa, jamaa za saradini; kulitwika ukoo wa tatu ni kulizidishia neno mzigo. Hata jina la Kiingereza lina kasoro, maana minnow wa kweli hana meno tayani, ilhali hawa wanayo. Na jina la kitaalamu Fundulus, alilolitoa mwanazuoni Mfaransa Lacepède mwaka 1803, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya chini kabisa, nalo halimsaidii amtafutaye samaki huyu juu ya maji. Kwa hiyo napendekeza samakiuso, kwa mwungano ule ule uliotupa askarikanzu, kwa kuwa uso wa maji ni usemi ambao kila Mswahili anaufahamu, na jina litokanalo nao humwambia msikilizaji mahali pa kumtazamia samaki pasipo kumsingizia ukoo usio wake.

Walakini jina hili lahitaji sifa ya kulifuata, kwa sababu Waamerika wamewakusanya chini ya neno moja samaki wa koo mbili: wanaotaga mayai, nao ndio jamii ya Fundulus, na wanaozaa watoto hai, mathalani Poeciliopsis occidentalis wa bonde la mto Gila huko Arizona, aliyetiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1967. Hao tuwaite samakiuso wa mayai na samakiuso wa kuzaa. Tofauti hii si ya vitabuni tu, bali ndiyo mlango wa kutambua dume na jike. Kwani katika samaki wa kuzaa, pezi la chini lililo nyuma ya tupu limegeuka kwa dume kuwa kijiti chembamba cha kupitishia mbegu, na mwenye macho hawezi kukosea. Anayekitafuta kijiti hicho kwa samaki wa mayai atatafuta bure, na pengine atawahesabu wote kuwa majike.

Kwa samaki wa mayai dalili ni laini zaidi. Fundulus notatus ana mstari mweusi utokao puani hadi mkiani: wa jike una kingo zilizonyooka, na wa dume hukatwa na vipande vya wima vitokezavyo juu na chini yake. Ndugu yake, Fundulus olivaceus, ana mstari kama huo, ila juu ya mgongo wake mna madoa meusi yaliyo dhahiri, karibu weusi ule ule wa mstari, ambapo ya notatus, kama yapo, ni hafifu na yamefifia kingoni. Na kwa kuwa vipande vya wima vya dume wa olivaceus ni vichache au havionekani, yafaa mfugaji ategemee mapezi, kwani la mgongoni na la chini ni marefu zaidi kwa dume, na ncha zake zimechongoka. Fundulus chrysotus, samakiuso wa dhahabu, huwapendeza watu kuliko wote: dume ana vitone vyekundu mwilini na mapezini, na jike ana chembe za kung'aa tu.

Rangi, hata hivyo, hufifia samaki akiwa na hofu au akiwa mgeni katika tangi, na mchanga wa umri hana dalili ya kutegemewa. Basi mfugaji asubiri watulie na wakomae, atazame mapezi kwanza, rangi baadaye. Wala asiwachanganye notatus na olivaceus katika tangi moja la kuzalishia, kwa kuwa hata mtoni hupandana na kuzaa chotara. Nao waandishi wa vitabu vyetu vya samaki nawaomba walitumie neno samakiuso, wakiliandamanisha daima na jina la kitaalamu.