Misitu na Mashamba ya Miti katika Nchi ya Njombe

Miaka kumi ya chama cha ushirika si haba. Lakini miti huhesabu miaka kwa namna yake. Mwati uliopandwa mwaka tulioanza, magome yake leo yako tayari kuchunwa. Paini iliyopandwa siku ile ile bado haijakomaa. Kwa hiyo tumeona vyema, katika kitabu hiki cha ukumbusho, tueleze kwa ufupi jinsi nchi yetu, toka Makambako hata Makete, ilivyopata kuwa nchi ya miti, na ni akina nani waliomitunza misitu yake.

Watunzaji wa kwanza hawakuwa na ramani. Msitu wa Nyumbanitu, ulioko Mlevela, Wabena waliuhifadhi kwa mwiko na kwa heshima ya wazee wa mila. Kwa sababu hiyo miti yake ya asili ingali imesimama, hali nchi nyingi za jirani zimekwisha kulimwa.

Baadaye ulikuja utawala wa kigeni. Wajerumani walitoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904, na Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1921. Mipaka ikawekwa na Serikali ikawa ndiyo mlinzi. Misitu ilipata ulinzi, lakini mwanakijiji alihesabiwa kuwa mgeni katika msitu aliouzoea tangu utoto.

Siku zile Njombe ilijulikana sana kwa kutoa manamba. Vijana walikwenda mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ili wapate fedha ya kodi na nguo. Mwaka 1949 ilianzishwa hapa Njombe Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, chini ya shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni. Mwati ni mti uliotoka Australia, na magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Watu wakaona kwa macho yao kwamba kilima chenye baridi chaweza kuleta fedha kwa miti, nao wakaanza kupanda katika mashamba yao. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Makambako. Na mji huo, ulio kwenye njia panda ya kwenda Songea, ukawa mlango wa kutokea mbao na nguzo zetu.

Hapa yatupasa kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Shamba la miti hupandwa, hukatwa, kisha hupandwa tena. Msitu wa asili ukisha fyekwa haurudi kwa kupanda paini. Mtu akifyeka bonde lenye chemchemi akapanda milingoti, hupata fedha. Lakini mlingoti hunywa maji mengi, na vinyungu vya jirani zake huweza kukauka. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Na maji hayo si yetu peke yetu. Mto Ruhudji hushuka Kilombero na kufika Rufiji. Mito ya Kipengere huteremkia Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 ulianza kukauka wakati wa kiangazi, hasa kwa ajili ya umwagiliaji wa huko Usangu. Wa chini wana wajibu wao. Nasi wa juu tuna wetu.

Serikali imefanya mengi. Mwaka 2005 Kitulo, kule Makete, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa kwa ajili hasa ya maua yake, ambayo mizizi yake ilikuwa ikichimbwa na kupelekwa Zambia kuwa chakula. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji haki ya kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Hivyo ulinzi umerudi kwa wananchi, kama ulivyokuwa Nyumbanitu.

Lakini sheria peke yake haimsaidii mkulima mwenye shida. Ada ya shule inapomkabili, huuza paini changa kwa bei ya chini, na mbao zake huwa dhaifu. Fedha ikiisha, hutazama msitu uliobaki bondeni. Twaamini, basi, ya kuwa kazi kubwa ya ushirika ni kumwezesha mwanachama kungoja: akope katika akiba ya wenzake badala ya kukata kabla ya wakati, auze pamoja nao mti ukikomaa, na wafyeke pamoja njia za kuzuia moto, maana moto haujui mpaka wa shamba la mtu.

Paini tulizopanda mwaka wa kwanza zahitaji miaka kumi mingine hivi. Hatuna budi kuzilinda, na kuiacha misitu ya chemchemi isimame. Mvumilivu hula mbivu.