Shosho Ameshinda Jiwe Lake Umri

Manze, nilibakisha tu kulipa. Shosho alizaliwa Desemba 1951, nikataka kumpa pete ya tanzanaiti. Muuzaji ananiambia eti hilo ndilo jiwe la Desemba tangu zama za kale.

Zama zipi? Tanzanaiti ilipatikana Mererani, hapo upande wa Arusha, 1967. Shosho alikuwa msichana wa miaka 15! Jina lilitoka kwa Tiffany wa New York mwaka uliofuata. Kwa orodha ya Desemba liliingia 2002, na walioliingiza ni wafanyabiashara wa vito Marekani. Hata orodha yenyewe ilipangwa na masonara wa huko huko, 1912. Wenye duka ndio walitugawia miezi, wasee.

Sawa, kuna ya zamani kweli. Soma Kutoka 28: kifuko cha kifuani cha Haruni kilikuwa na mawe 12. Lakini yale yalichorwa majina ya makabila ya Israeli, hakuna birthday ya mtu pale. Kuyahusisha na miezi kulikuja baadaye.

Pete nitanunua, juu Shosho anapenda buluu. Kwa kadi nitaandika 1967, acheke.